Mafiga ya Makaburini

Sehemu ya Tisa

"Nani amemtoa mtoto wa Suki mahali pake?"

Swali hilo lilitua katikati ya nyama choma kama sufuria iliyoponyoka. Watu sitini wa ushirika wa kanisa la Landover, ughaibuni, Wakenya kwa Wakongo, wakanyamaza na nyama mdomoni. Walioendelea na shughuli zao ni mbuzi watatu tu waliokuwa juu ya moto, wakidondosha mafuta, chwaa, chwaa.

Bi Lorraine alikuwa amepiga magoti. Ana miaka themanini na minane, na macho yake yamebakiwa na mwanga wa kuonea mlango tu. Kiganja kilikuwa kimetulia kwenye jiwe moja la mafiga, upande wa nje ambako moto haufiki. Vidole vilitembea kwenye ncha yake polepole, kama vya mtu anayesoma barua gizani.

"Alama tatu," alisema. "Moja, mbili, tatu. Bibi yangu alikuwa akinipeleka kuyaosha kila Pasaka. Hili ni jiwe la mtoto wa Suki. Nani amelileta hapa?"

Kiplagat alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, kisu cha nyama mkononi na aproni kifuani. Aliyelileta ni yeye. Na aliyejua ni yeye peke yake.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungia samaki, sikiliza haraka, maana mambo hayangoji. Miaka sita Bi Lorraine amewapigia wakubwa kelele kwamba kwenye kiteremko kimoja hapo jirani wamelala watu wake, waliolimishwa tumbaku kwa viboko tangu nchi hii ikiwa bado koloni la mfalme wa Uingereza. Karatasi hana. Mtumwa hakuandikiwa kaburi. Aliwekewa jiwe la porini kichwani na jingine miguuni, basi, watu wakarudi shambani kabla nyapara hajaita. Sasa kampuni inataka kujenga ghala juu yao. Kaunti imemtuma mtaalamu wa mambo ya kale, Audrey, kwa siku moja tu: leo, mpaka saa kumi jioni. Akikosa dalili, Jumatatu ardhi inapinduliwa.

Na dalili zenyewe ndizo hizi, zimejaa masizi, zinachoma mbuzi.

Kiplagat ni mtu wa Kapsabet. Kwa miaka miwili amefyekea kampuni ile viwanja chini ya msimamizi aitwaye Wayne, kimoja baada ya kingine. Mwezi wa tano alifyeka kiteremko kile, akakuta mawe ishirini na sita yamesimama majanini. Wayne akasema ni takataka, toa. Lakini mwanamume wa Nandi akiona mawe mazuri ya saizi moja, haoni takataka. Anaona mafiga. Akayapakia kwenye lori la rafiki yake Liévin, akayaleta nyuma ya ukumbi wa kanisa, akasifiwa na kila mtu.

"Baba Kiprono." Alikuwa mkewe, Jerotich, ambaye siku tano kwa wiki humwogesha Bi Lorraine na kumpa dawa. Leo alikuwa amemleta ale nyama awasahau wakubwa kidogo. "Baba Kiprono, haya mawe ulisema ulitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"Lile... la mawe."

"Wueh!" akasema Shiku wa kachumbari, ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo. "Buda, jipange. Hilo duka liko mtaa gani?"

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Kiplagat. Alikuwa Wayne. Kiplagat akajitenga nyuma ya boksi la soda.

"Audrey anasema kikongwe chake kiko huko kwenu," Wayne alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, bosi."

"Basi sikiliza. Ukiulizwa, hukuona kitu kule. Unajua hapa mtu aliyeng'oa mawe ya makaburi anafanywa nini? Jela. Na mahojiano yako ya uraia ni lini vile?"

"Wiki tatu zijazo."

"Unaona? Mimi nakujali. Kula nyama, tabasamu." Simu ikakatwa.

Kiplagat alibaki ameishika sikioni kama mtu anayesubiri kuambiwa ni mzaha. Mawe ya makaburi. Mwezi wa tano yalikuwa takataka, leo ni mawe ya makaburi! Kumbe Wayne alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, akaona heri yang'olewe na mikono ya mgeni ambaye karatasi zake hazijakamilika.

Alitazama barabarani. Funguo za gari alikuwa nazo. Angeweza kusema anaenda kuongeza makaa, aende zake, na mpaka saa kumi ipige hakuna ambaye angekuwa na la kuthibitisha. Wiki tatu, akajiambia. Wiki tatu tu, Kiplagat, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuosha vyoo vya watu na kufyeka viwanja vya watu.

Akageuka. Bi Lorraine alikuwa amelivua jiwe masizi kwa pindo la gauni lake la kanisani, gauni jeupe.

Kiplagat akaweka kisu chini.

"Mama Lorraine. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Kiplagat. Mume wa Jerotich."

"Yule anayeniletea chai ya maziwa kwenye chupa?"

"Ndiye."

Bi kizee akainua mkono. Kila mtu alijua anazabwa kofi, na Kiplagat mwenyewe akaliinamia. Halikuja. Vidole vilimpapasa uso, kutoka kidevu hadi paji, vilevile vilivyopapasa jiwe.

"Mawe mangapi?"

"Ishirini na sita."

"Ndiyo. Ishirini na sita." Miaka sita hakuna aliyeiamini hesabu ile. "Watu kumi na watatu. Sasa niambie kila moja lilikuwa wapi. Audrey ameshanieleza: jiwe lililohamishwa ni jiwe tu. Anataka aone shimo lake."

Kiplagat akatazama mikono yake. "Mashimo nilifukia, Mama. Nikasawazisha. Mimi sijui kufanya kazi nusu."

"Hukuweka alama?"

"Hapana."

Umri wote wa Bi Lorraine ukamrudia kwa mara moja. Jerotich akawahi kumshika begani asianguke motoni.

"Mi niko na foto!"

Alikuwa Liévin wa Bukavu, mwenye lori, jitu la kilo mia na kitu, anakuja mbio huku ameinua simu juu. "Kaka, ile siku nilipiga foto mbele ya weye kuanza kung'oa! Nilituma ku mama kule nyumbani, aone kazi yetu!"

Vichwa ishirini vikagongana juu ya kile kioo kidogo. Kwenye picha alikuwapo Liévin. Liévin amesimama wima, kofia kichwani, mikono kiunoni, anang'aa kama bwana harusi.

"Mawe yako wapi?" Jerotich akauliza.

"Yako nyuma yangu."

"Nyuma wapi?"

Liévin akaitazama picha kwa muda. "Nyuma ya tumbo," akakiri.

Ndivyo ilivyokuwa. Makaburi kumi na matatu yaliyohimili mvua, theluji na majembe kwa miaka karibu mia tatu yalikuwa yamezibwa yote, kichwa mpaka miguu, na tumbo la mtu mmoja.

"Ungesimama upande hata kidogo tu, aki," Shiku akasema. Siku nyingine watu wangecheka mpaka wakae chini. Leo hata Shiku mwenyewe hakucheka.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Shiku hana dawa nyingine ya huzuni ila chakula. Akachukua hindi la kuchoma ambalo Bi Lorraine alikuwa ameliacha nusu, akalirudisha mkononi mwake. "Kula, Mama, upate nguvu. Haya si yale mahindi ya hapa ya sukari tupu. Haya ni yetu kabisa." Akageuka. "Na wewe Baba Kiprono, badala ya kusimama hapo kama mlingoti, tuambie. Uliotesha wapi haya?"

Kiplagat alifungua mdomo amjibu. Hapo hapo akakumbuka.

Mbegu zilitoka kwa mama yake, Kapsabet. Zilivuka bahari ndani ya soksi, afisa wa uwanja wa ndege akipekua shati na suruali bila kugusa soksi, kwa kuwa soksi zenyewe zilikuwa na harufu ya kujilinda. Na mwezi wa tano, baada ya kung'oa mawe, Kiplagat alijikuta ana mashimo ishirini na sita ya udongo mweusi, laini, usio na mwenyewe. Mtu wa kwao hafukii shimo la namna hiyo likiwa tupu. Hawezi. Mkono unakataa.

"Punje tatu kila shimo," alinong'ona.

"Shimo gani?" Jerotich akauliza, ingawa alishajua.

"Yale yale."

Hindi la kwanza lilianguka kutoka kwa Mchungaji, aliyekuwa amefika la tatu. Kisha yakaanguka yote, pu, pu, pu, majanini. Mzee mmoja wa Burundi alitema kwenye leso, akaikunja, akakosa pa kuiweka. Watu wawili walikimbilia nyuma ya ukumbi na sauti zao zikasikika. Kwa watu wa Kiplagat, kula kilichoota juu ya maiti usiyemjua ni jambo la kutapika kwanza na maswali baadaye.

"Weye!" Liévin alimshika Kiplagat aproni. "Ile mahindi yote njo tulikula? Tulikula batu?"

"Sikujua, ndugu yangu. Naapa sikujua."

"Jerotich," Bi Lorraine akaita. "Wanasema nini?"

Jerotich alimweleza kwa Kiingereza, neno kwa neno. Bi kizee alisikiliza hadi mwisho. Hindi lilikuwa bado mkononi mwake. Aliligeuza, akatafuta kwa kidole upande uliobaki na punje. Watu walingoja alitupe mbali.

Akaling'ata.

Akatafuna taratibu, kwa meno yake ya bandia, machozi yakimshuka pande zote mbili za pua.

"Walilima miaka yote ile, wakala wengine," alisema. "Hili ni zao lao la kwanza kufika kwa mtu wao." Akameza. "Mabua bado yamesimama?"

"Yamesimama, Mama. Nilichuma tu, sikukata..."

Kiplagat akayasikia maneno yake mwenyewe. Mashina ishirini na sita, mabua matatu matatu. Kila shina kwenye shimo la jiwe lake. Alama hakuweka, lakini alipanda!

"Liévin! Leta lori!"

Ungewaona! Mafiga yakavunjwa moto ukiwaka. Liévin alikuja na ndoo ya maji, Kiplagat akampigia ukelele, "Usimwage, yatapasuka!" Wakayabeba ya moto kwa leso, kwa glavu za oveni, kwa sufuria. Shiku alikumbatia mawili ndani ya aproni kama mapacha. Mbuzi watatu waliachiwa Mchungaji na majivu. Jerotich akamwinua Bi Lorraine hadi kiti cha mbele, na bi kizee akaomba lile la alama tatu lipakatwe na yeye.

Liévin anaendesha lori kama anavyolipaki, na watu wa kanisa wanajua anavyolipaki: akisimama, milango miwili haipitiki. Walinasa kwenye taa ya uwanja wa mpira, nyekundu, ndefu kuliko ibada. Saa tisa na dakika ishirini. Saa tisa na nusu. Kiplagat alikuwa nyuma na mawe, akiyashikilia yasigongane, viganja vyake vimeungua na haoni maumivu.

Walipofika, Audrey alikuwa anatia vifaa vyake kwenye gari. Na Wayne alikuwa juu ya tingatinga.

Hakungoja Jumatatu. Bamba la chuma lilikuwa chini, likikusanya majani mbele yake kama zulia, likishuka kiteremko moja kwa moja kuelekea mabua. Majira yote Wayne alipita pale akidhani ni magugu, maana kwake yeye mahindi hutoka kwenye kopo. Leo ameamua kusafisha.

Kiplagat aliruka lori kabla halijasimama. Alikimbia, akajikwaa, akaamka, akafika kwenye safu ya kwanza, akakaa chini. Akakaa tu, mgongo kwa mabua, miguu imenyooka, kama mtu aliyefika kwake.

Bamba lilisimama likiwa karibu naye kiasi cha kuweza kuligusa kwa soli ya kiatu.

"Toka hapo, mjinga wewe!" Wayne akapiga kelele.

"Siwezi, bosi. Nimekalia watu."

Audrey alishafika mbio. Ni mwanamke mwembamba, suruali ina matope magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuta siku nzima akakosa. Alitazama mawe yakishushwa, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bi Lorraine, samahani. Nilikwambia. Mawe yaliyohamishwa..."

"Usitazame mawe," Kiplagat akamkatiza. "Tazama mahindi."

Akalishika shina kwa mikono miwili, akavuta. Lilitoka zima, na mizizi yake imekumbatia udongo wote mweusi alioufukia mwezi wa tano, kama keki inavyotoka kwenye chombo. Chini yake likabaki shimo. Kuta zake zilikuwa za udongo mwekundu mgumu, na zilikuwa na umbo. Upande huu bapa, upande ule mviringo, pembe moja imeingia ndani.

Alijaribu jiwe la kwanza. Likakataa. La pili likakataa. La tatu likashuka lenyewe, likakaa, kama kisigino ndani ya kiatu cha siku nyingi.

Audrey akapiga magoti. Akapitisha kidole kati ya jiwe na ukuta wa shimo.

"Jingine," akasema.

Wakang'oa la pili. Jiwe likakaa. La tatu. La nne. Audrey alitoa kamba ya kupimia. Mashina yalikwenda mawilimawili, la kichwa na la miguu, yote yakielekea mawio ya jua. Penye mawili yaliyokaribiana mno alisita, akapima tena kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko.

"Huyu alikuwa mdogo," alisema.

"Mtoto wa Suki," Bi Lorraine akajibu. Akashushwa taratibu, akaliweka mwenyewe lile la alama tatu. Liliingia bila kubishana.

Saa kumi kasoro dakika tano. Shiku alishaanza kulia kwa sauti, Liévin anamfuta machozi kwa kofia yake. Jerotich alimtazama mumewe kama alivyomtazama siku ya mahari. Ungesema tumefika.

Hatujafika. Gari la askari lilisimama nje ya lango.

Wayne ndiye aliyeita. Alishuka kwenye tingatinga akiwa mtu mwingine kabisa, mpole, kofia mkononi. "Afisa, ni jambo la kusikitisha. Huyu mfanyakazi wangu ameng'oa mawe ya makaburi. Muulize mwenyewe."

Saa moja kabla hapakuwa na kaburi hata moja!

Askari alikuwa kijana mweusi mwenye jina la Mark kifuani. Aliyatazama mawe, masizi, mabua, na watu waliovaa nguo za kanisani zenye mafuta ya mbuzi. "Nani aliyang'oa?"

"Nyamaza, Baba Kiprono," Jerotich akasema haraka. "Usiseme neno. Mwambie unataka wakili. Wiki tatu, baba. Wiki tatu tu."

Kiplagat akamgeukia Audrey. "Nikinyamaza, utaandika nini?"

Audrey aliinamisha macho. "Bila mtu wa kusema yalitoka humu, kesho mawakili wao watasema tumechimba wenyewe mashimo ya kutosha mawe. Yatakuwa mawe na mahindi tu."

Wayne akatabasamu.

Kiplagat akainua mikono yake miwili, myeusi kwa masizi, myekundu kwa moto. "Ni mimi. Niliyang'oa mwezi wa tano, kwa mikono hii. Yalikuwa hapa, yamesimama, yote ishirini na sita. Andika, dada. Andika na jina langu. Kiplagat."

Jerotich alitoa sauti ambayo hajawahi kuitoa hata kwenye uzazi.

Pingu zilifungwa. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini Bi Lorraine aliusikia. Akageuza kichwa.

"Nani amefungwa?"

"Ni utaratibu, Mama," Mark alisema.

"Mwanangu, unajua umesimama juu ya nini? Usimfunge mtu mikono kwenye ardhi hii. Imeshaona mikono ya kutosha."

Askari alikohoa, akatazama viatu vyake. Hakufungua. Lakini hakumvuta Kiplagat garini pia.

Bi Lorraine aliendelea kupapasa mawe, moja hadi jingine, midomo ikihesabu. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Ishirini na tano," alisema. "Suki yuko wapi? Jiwe lake lina kiganja. Hawakuruhusiwa kujua kuandika, mumewe akamchongea kiganja chake. Kiko wapi kiganja?"

Shina moja lilikuwa limebaki bila jiwe.

Kiplagat akafumba macho. Mwezi wa tano. Jiwe bapa, lenye shimo kama alama ya mkono. Wayne alilitoa mkononi mwake akisema, "Hili nitachukua mimi, la bustani."

"Analo yeye!" Alinyoosha pingu zote mbili. "Wayne analo!"

Lakini Wayne hakuwepo. Pikapu yake ilikuwa inaunguruma kuelekea langoni, nyuma imefunikwa turubai la buluu.

Langoni, kwa upana, kama kawaida yake, lilikuwa limepakiwa lori la Liévin.

Wayne akapiga honi. Liévin alienda pole pole, kama mtu anayetafuta funguo, akaegemea pikapu kwa uzito wake wote, na turubai likateleza chini yake. Tumbo lililofunika makaburi likayafunua.

Lilikuwa pale, juu kabisa: kiganja kimoja cha mwanamke, kimezama kwenye jiwe. Bi Lorraine aliongozwa mpaka hapo. Aliweka mkono wake ndani. Vidole vikalala kwenye vidole. Akaegemeza paji la uso kwenye bodi ya gari, akakaa hivyo.

Kisha mkono wake ukateleza pembeni, ukagusa kitu, ukasita.

"Hili si letu," alisema. Akagusa jingine. "Na hili si letu. Haya yote ni ya nani?"

Chini ya Suki yalikuwa mawe mengine. Kumi, ishirini, meupe, ya mviringo, yamelaliana kama viazi.

Mark alimgeukia Wayne, na Wayne akacheka kwa pua. "Mnaniuliza mimi? Muulizeni huyo mliyemfunga. Ndiye aliyeyapakia. Kila moja."

Watu wote wakageuka. Bi Lorraine alinyoosha mkono hewani mpaka ukapata uso wa Kiplagat.

"Mwanangu," alisema kwa upole, na upole ule ulikata kuliko kofi. "Hawa uliwatoa wapi?"

Kiplagat aliyatambua. Mawe meupe, nje kidogo ya Greenbelt, mwaka jana majani yakianza kudondoka. Aliyabeba siku nzima huku akipiga mluzi. Wayne alikuwa amesema ni takataka, pakia kwenye pikapu.

Siku ile hakupanda kitu. Na mahali pale palishamwagwa sakafu ya zege ya ghala jingine, yenye upana wa viwanja vitatu vya mpira, na saa ile ile anayoulizwa, juu yake, malori yalikuwa yanapakua friji.